Sanduku Lililojazwa Vitabu: Kisa cha Mwigizaji Aliyekuja Kufundisha Drama Sekondari

Kwenye daftari langu la mazoezi ya tamthilia, ukurasa wa zoezi la 10, kuna sentensi niliyoipigia mstari: "Wote wanaongea kama Mwalimu." Mhusika wa mama anaongea kama Mwalimu, yaani yule mwigizaji tuliyemwajiri afundishe drama, dada mkubwa vilevile, hata mjumbe mwenye mistari miwili anavuta pumzi pale pale Mwalimu anapovuta na kushusha sauti pale pale anapoishusha. Niliiandika nikiwa nimeketi safu ya mbele. Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kwa onyesho lile nilikuwa msimamizi wa jukwaa. Nilijua tuna tatizo, na kwamba halikuletwa na uvivu wa mtu yeyote. Lilitokana na kitu kile kile tulichomwajiria.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu, kwa ruhusa yake, kwa sababu shule zikitafuta mwalimu wa drama huvutiwa upesi na mtu aliyesimama jukwaani kweli. Sisi tulivutiwa. Na sijutii, lakini kuna mambo tuliyopaswa kuyajua kabla hajaingia darasani.

Alikotoka

Nilikuwa kwenye jopo la usaili. Wasifu wake ulisema alikuwa na miaka 11 katika kundi dogo la maonyesho lililozunguka kutoka ukumbi hadi ukumbi, na katika miaka 4 ya mwisho alikuwa pia mwongozaji. Baadaye alisomea ualimu mwaka mmoja. Alipoombwa kusoma kipande cha tamthilia, chumba kilinyamaza. Aliongea kwa sauti ya chini na bado kila neno lilifika kwenye kona ya mbali, jambo ambalo walimu wengi tunalikosa mpaka tunastaafu na koo zilizochakaa.

Alikuwa na mengi ya kutoa. Mwigizaji mzoefu husoma maandishi kwa namna tofauti na sisi wa fasihi. Mimi nauliza mwandishi anasema nini. Yeye anauliza mhusika huyu anataka nini kutoka kwa yule, nini kinamzuia, na anajaribu njia gani kukipata. Swali hilo likiwekwa mbele ya mwanafunzi wa miaka 16 aliyechoshwa na dhamira na maudhui, tamthilia huamka. Kuongoza kulimwongezea jicho la kuona picha nzima: nani anamziba nani, onyesho linapoa wapi, maandishi yagawanywe vipi ili mazoezi yasiishie kurudia ukurasa wa kwanza kila siku.

Tulimuuliza habari za maonyesho aliyoshiriki. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kukaa kimya akimsubiri mtu asiyejua apate mwenyewe.

Wiki nne za mwanzo

Tamthilia ilikuwa ya familia. Dada mkubwa anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, baba amekwisha kuzikwa, na mdogo wake aliyebaki akimuuguza mzee anafungua mlango lakini hampishi. Tulikuwa na wanafunzi 14 jukwaani na 8 nyuma ya pazia, wiki 9, mazoezi matatu kwa wiki, dakika 90 kila moja. Jumla ni kama saa 40. Katika kundi lake la zamani walizoea saa 6 kwa siku, siku tano kwa juma, kwa wiki nne, yaani saa 120, na wote wakiwa watu wa kazi hiyo. Hapa alikuwa na theluthi ya muda na watoto ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga jukwaa.

Hesabu hiyo ilimtisha, naye akashika njia ya mkato. Mwanafunzi akikosea, Mwalimu alipanda. "Hapana, mwanangu, nitazame." Kisha anausema mstari. Na aliusema vizuri mno, mpaka wanafunzi wakampigia makofi. Akishuka, mtoto anarudia sauti ile ile, mkono ule ule, kituo kile kile, na kila mtu anaona kwamba kuna kitu kimekufa njiani.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwigizaji hutatua tatizo kwa mwili wake mwenyewe: akikwama husimama, hujaribu, na mwili hupata jibu kabla ya kichwa. Hiyo ndiyo stadi aliyoijenga kwa miaka 11, na kumwambia aketi ilikuwa kama kumwambia fundi atie mikono mfukoni huku mlango unaning'inia. Lakini anachoonyesha ni matokeo. Sababu iliyoyazaa matokeo hayo inabaki ndani yake, na mtoto hawezi kuiona. Tena kati ya watu wazima wa jukwaani, kumsomea mwenzako mstari wake huhesabiwa utovu wa adabu. Mwigizaji atakujibu kwamba atautafuta mwenyewe. Mwanafunzi hana nguvu hiyo. Anayemwonyesha ndiye anayempa alama.

Tatizo hili ni kongwe. Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa Urusi ambaye kila anayefundisha uigizaji leo anamdai au anabishana naye, alianza hivyo hivyo. Kundi la maonyesho la Meiningen kutoka Ujerumani lilipofika Moscow mwaka 1890, alivutiwa na nidhamu ya chuma ya mwongozaji wake, Chronegk, akamwiga, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba aligeuka mwongozaji dikteta. Hata mwaka 1898, alipoanzisha Jumba la Sanaa la Moscow pamoja na mwandishi wa tamthilia Nemirovich-Danchenko, aliandaa mipango ya onyesho akiwa mbali na waigizaji, kila hatua na kila kimya kikiwa kimeandikwa tayari. Waigizaji wake walikuwa wachanga na wengi hawakuwa na uzoefu, kwa hiyo aliwabeba. Naielewa njia hiyo. Mwalimu wetu naye alikuwa anawabeba watoto, huku akiamini anawafundisha.

Siku ya kilio

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito, na sitaki kukipunguza.

Katika wiki ya nne walifika mahali dada mkubwa anapoambiwa siku baba alipofariki. Binti aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa akilisema neno "baba" kama anasoma tangazo. Mwalimu akamketisha, akamwambia afumbe macho, amkumbuke mtu wake mwenyewe aliyempoteza: chumba kilikuwaje, kulikuwa na harufu gani, nguo gani. Ni zoezi la kumbukumbu ya hisia, alilofanyiwa yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi wa uigizaji.

Binti alikumbuka. Machozi yalikuja, na kwa kama dakika moja sote tulidhani tunaona uigizaji. Kisha hakuweza kuyazuia. Mikono yake ilishika kingo za kiti mpaka vidole vikapauka, na wenzake wakaanza kutazamana. Nilisimamisha zoezi. Nilikaa naye nje mpaka mzazi wake alipokuja kumchukua, na mazoezi mawili yaliyofuata hakuhudhuria.

Jioni ile Mwalimu alinikuta chumba cha walimu. Alisema jambo ambalo naona limebeba nusu ya kisa hiki: "Mimi nilipofanyiwa zoezi lile nilikuwa na miaka 26, na nilijua mlango uko wapi." Mtu mzima anayesomea kazi yake amechagua kuwa pale, anaweza kukataa, anaweza kuondoka bila kuogopa mtihani. Binti wa sekondari mbele ya mwalimu wake na darasa zima hana hata kimoja kati ya hivyo. Kidonda chake pia huenda bado ni kibichi, na mwalimu hana njia ya kujua kabla hajakigusa.

Alimwomba radhi binti na mzazi wake, uso kwa uso. Mshauri wa wanafunzi alihusishwa. Binti alipewa nafasi ya kujitoa bila swali, akachagua kubaki, na tangu siku ile hakuulizwa tena habari za maisha yake. Msimamo wangu hapa hauna nusu: zoezi hilo halina nafasi katika shule ya sekondari, hata mikononi mwa mwigizaji bora.

Na halihitajiki. Hata miongoni mwa waigizaji wakubwa halikukubalika na wote. Huko New York, mwongozaji Lee Strasberg alilifanya nguzo ya mafunzo katika kundi la Group Theatre. Mwenzake Stella Adler, ambaye halikumfaa, alikutana na Stanislavski mwenyewe Paris mwaka 1934, akafanya naye kazi kwa wiki kadhaa, kisha akarudi na habari kwamba mzee ameweka uzito kwenye mazingira ya mhusika, mawazo ya kubuni na tendo. Mwalimu wetu aliijua historia hiyo, maana mwigizaji yeyote aliyesoma anaijua. Alikuwa hajapata kujiuliza inamhusu vipi mtoto aliyeketi mbele yake.

Sanduku

Wiki ya tano, zoezi la 14. Binti amerudi. Kipande ni kile cha mlangoni: dada mkubwa anaingia na sanduku la safari, mdogo wake hampishi.

Sanduku lilikuwa tupu, na binti alilibembeza kama mkoba wa sokoni. Mara tatu katika wiki zilizopita Mwalimu alikuwa ameshamwonyesha jinsi mtu anavyobeba kitu kizito. Nilikuwa nimeona kosa bila kulielewa, na siku hiyo nililielewa. Mtu mwenye mzigo mkono wa kulia huegemea kushoto ili asianguke. Bega la mzigo huvutwa chini, mkono mtupu hujitenga na mwili. Mwalimu alikuwa amemwonyesha hivyo akiwa amemwelekea. Binti akamwiga kama anajitazama kwenye kioo, huku sanduku likibaki mkono wake wa kulia. Matokeo yake aliegemea upande ule ule wa sanduku, namna ambayo hakuna binadamu aliyebeba mzigo amewahi kuegemea. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alinakili kwa uaminifu kabisa kile alichokiona.

Mwalimu aliweka mguu kwenye ngazi ya jukwaa. Akauondoa. Alikwenda kwenye kabati la nyuma, akatoa vitabu vya kiada, akavipanga ndani ya sanduku kimoja kimoja. Niliviandika: 18. Akalifunga, akaliacha sakafuni, akamwambia binti maneno haya tu: "Mlango uko pale. Mdogo wako hatakupisha. Ingia." Kisha akaja kuketi pembeni yangu, na nikamwona akiweka viganja vyake chini ya mapaja, akavikalia.

Binti alilinyanyua na mwili wake wote ukabadilika bila ruhusa ya mtu. Alitembea hatua fupi. Alipofika mlangoni alikuwa anahema kidogo. Alitakiwa kusema "Nimerudi" akiwa amesimama wima, hakuweza. Sanduku lilitua sakafuni kwanza, kwa kishindo, ndipo neno likatoka, likiwa limebaki na pumzi nusu. Na yule mdogo, ambaye kwa wiki nne alisimama kama nguzo akingoja zamu yake, hakumtazama dada usoni. Alilitazama sanduku. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akalitazama muda mrefu, halafu akauliza mstari wake, "Umekuja kukaa?", na kwa mara ya kwanza lilikuwa swali ambalo mtu anaogopa jibu lake.

Mwalimu hakupiga makofi. Aliuliza maswali mawili: "Kwa nini umeliweka pale?" na "Ukilazimika kulibeba tena, utafanyaje?" Binti akajibu la pili kwa kulikalia.

Halafu lilitokea jambo dogo ambalo lingempita mtu asiyewahi kuongoza. Pale sanduku lilipotua, fremu ya mlango iliwaziba wote wawili kwa watazamaji wa upande wa kushoto. Mwongozaji wa wiki ya pili angewaambia wasogee hatua mbili na kuua kile walichokipata. Huyu wa wiki ya tano aliita wale wa nyuma ya pazia, akawaomba wausogeze mlango. Watoto wakabaki walipo.

Alikopata hilo

Nilimuuliza baadaye. Akasema alikumbuka kwamba Stanislavski, katika miaka ya 1930 karibu na mwisho wa maisha yake, alikuwa ameacha kuwaandikia waigizaji kila hatua, akawa anawapa mazingira na tendo la mwili lenye lengo, akiamini hisia itafuata tendo. Alilijua jambo hilo kwa miaka, lakini kama kitu cha mwigizaji kujifanyia. Kulifanya kwa ajili ya mwingine, tena mtoto, ilimlazimu kunyamaza.

Ninapolipima jambo lenyewe, naona tofauti yake ilikuwa hapo tu. Hakuongeza ujuzi kati ya wiki ya nne na ya tano. Alibadilisha mahali pa kuuweka: badala ya kuupeleka kwenye mwili wake, aliupeleka kwenye kitu, kwenye swali, kwenye mahali mlango unaposimama. Viola Spolin, aliyefanya kazi ya drama na watoto na wahamiaji Chicago mwishoni mwa miaka ya 1930, alijenga michezo yake juu ya wazo la jinsi hiyo: mpe mchezaji tatizo la kushughulika nalo, umkumbushe kwa neno fupi kutoka pembeni wakati mchezo unaendelea, usimpe jibu. Uzito wa vitabu 18 ulikuwa tatizo la namna hiyo.

Yuko pia Dorothy Heathcote wa Uingereza, ambaye njia yake inafanana na ya mwalimu wetu kuliko nilivyodhani. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Yorkshire tangu akiwa na miaka 14, akapata nafasi ya kusomea uigizaji, na mwaka 1950 akaanza kufundisha walimu Newcastle. Uigizaji wake aliutumia darasani kwa namna ya pekee: aliingia ndani ya kisa pamoja na watoto, mara nyingi akiwa mtu mwenye shida, asiyejua la kufanya, ili wao ndio wawe wenye maarifa. Kwa hiyo simwambii mwigizaji aliyekuja kufundisha asiigize kamwe. Nauliza akiigiza, nani anabaki na kazi ya kufikiri.

Makubaliano yetu

Baada ya siku hiyo tulikubaliana nibandike utepe sakafuni mbele ya jukwaa, na niandike kila anapouvuka. Zoezi la 15: mara 9. Zoezi la 21: mara 2. Yeye ndiye aliyetaka hesabu hiyo, na kila jioni aliniomba daftari.

Zile mara 2 za zoezi la 21 zilikuwa halali kabisa, na nitazieleza ili nisionekane nimekataa kuonyesha kwa jumla. Kuna kofi katika tamthilia ile. Kofi la jukwaani haliachiwi mtoto agundue mwenyewe. Mwalimu alipanda, akawapima umbali: anayepiga asimame mahali ambapo mkono wake, hata ukinyooka wote, haufiki kwenye uso. Macho yakutane kwanza, kama ishara kwamba wote wako tayari. Mkono upite mbele ya uso, hewani. Mlio autoe anayepigwa, kwa kupiga viganja vyake chini mahali hadhira haioni, na kichwa kigeuke kwa kuufuata mkono. Anayepigwa ndiye anayetawala. Walirudia polepole, kisha nusu mwendo, kisha kwa mwendo kamili, na kabla ya kila onyesho walilipitia tena. Hili huwezi kulifundisha kwa kitabu. Mtu aliyepigwa makofi ya namna hiyo usiku baada ya usiku kwa miaka, na hajawahi kuguswa, ndiye wa kulifundisha. Katika sauti pia alionyesha bila kusita, maana koo la mtoto likiumizwa kwa kulazimishwa kupiga kelele hakuna aliyegundua chochote.

Usiku tatu

Tulionyesha usiku tatu. Usiku wa pili, mhusika wa mama aliruka karibu ukurasa mzima. Nilikuwa na maandishi mkononi, tayari kumkumbusha, nikamwona Mwalimu pembeni ya pazia akinitikisia kichwa nisubiri. Mdogo mtu akamgeukia mama na kumuuliza swali ambalo halimo kwenye maandishi hata kidogo: "Na yale uliyoniambia kuhusu baba, huyu hatayasikia?" Mama akashtuka, akarudi pale alipopaacha. Watazamaji hawakujua. Mwanafunzi aliyeigiza mdogo aliweza kwa sababu alijua mhusika wake anataka nini dakika ile; mistari peke yake isingemwokoa.

Dada mkubwa hakulia usiku hata mmoja. Alipoambiwa habari za baba alikuwa amekalia sanduku lake, na alichofanya ni kuanza kulifunga vizuri mkanda ambao tayari ulikuwa umefungwa. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa.

Mjumbe wa mistari miwili aliendelea kuongea kama Mwalimu mpaka usiku wa mwisho. Wiki nne za kuiga hazikufutika kwake, na hatukuwa na muda wa kurudi kumsaidia. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu naye alistahili kupata sauti yake kama wengine.

Mwaka uliofuata shule ilitafuta mwalimu wa pili wa drama. Wasifu bado tunausoma, na miaka ya jukwaani bado inahesabika. Lakini sasa kila anayeomba hupewa wanafunzi wanne, kipande cha ukurasa mmoja na dakika 20, nasi tunakaa nyuma tukitazama. Mwalimu ndiye aliyependekeza hivyo, na ndiye anayeshika daftari la kuhesabu mara ngapi mwombaji anasimama.